Zamu ya Dodo

Mimi ni Gaby, fundi wa kufunga upya mota zilizoungua, mkazi wa Manika, hapa Kolwezi. Natembea. Nalisema hilo kwanza kwa sababu wagonjwa wenzangu wa mgongo, wakiletewa ushuhuda, wanataka kujua jambo moja tu: je, huyu msemaji alisimama tena? Nilisimama. Nashika fimbo, kimo kimepungua, na koti langu la harusi siku hizi linakaa kama la kuazima, lakini sokoni nakwenda na kurudi mwenyewe. Masista wa hospitali wameniomba niandike ili walio kitandani wapate moyo, nami siwezi kuwanyima masista kitu. Ila msidhani nitaimba haleluya kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Tulikuwa wawili kwenye meza moja, na aliyepona ni mmoja.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa nguvu, tena mwenye maringo kidogo. Mota ya pampu ambayo vijana wawili waliishusha garini wakihema, mimi niliikumbatia na kuipandisha juu ya benchi peke yangu, halafu nikageuka kuangalia kama kuna aliyeona. Kazi yangu ni kutoa waya wa shaba ulioungua na kuzungusha mpya, mzunguko kwa mzunguko, mpaka mota ikubali kuunguruma tena. Mke wangu Béatrice, ambaye mtaani wanamwita Mama Ruth kwa jina la binti yetu, alikuwa anasema nanuka vanishi hata kanisani.

Rafiki yangu alikuwa Donatien, yaani Dodo, fundi wa simu. Tulisoma darasa moja. Yeye Mlunda wa Sandoa, mimi Mluba wa kaskazini, kwa hiyo utani haukuisha: mimi nilimwambia watu wake wanakula mihogo hata siku ya Krismasi, yeye aliniambia watu wangu wanasema sana kwa sababu hawana la kufanya. Ni Dodo aliyekuta kwenye simu yake kanuni za mchezo wa vita vya mezani. Zilikuwa za Kifaransa. Si vita vya majeshi makubwa, ni mapigano madogo ya watu wachache kila upande, kwenye sayari ya mbali, wenye bunduki za mwanga na mavazi ya anga. Wazungu wanauziana wanajeshi wa plastiki waliopakwa rangi. Sisi tuliwatengeneza.

Wangu niliwasuka kwa waya wa shaba uliotoka kwenye mota. Wake walikuwa wa skrubu za simu na vipande vya plagi za pikipiki, ambazo sisi tunaziita buji. Kapteni wake alikuwa buji nzima, kichwa cheupe, kiuno cha chuma, tukamwita Kapteni Buji. Wangu akaitwa Kapteni Bobini, kwa jina la waya uliozungushwa ndani ya mota. Meza ilikuwa mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, nyuma ya karakana yangu, uani kwetu. Miji ya sayari ilikuwa mabamba ya ndani ya simu zilizokufa, na milima ilikuwa mawe ya malakiti, yale ya kijani, ambayo kwetu hata mtoto anayaokota njiani. Mwendo wa askari tuliupima kwa utepe wa fundi cherehani, na kama risasi imempata mtu au la, dadu ndiyo iliyosema.

Kanuni moja naomba muikumbuke. Askari akipigwa, hafi papo hapo. Analazwa mezani mpaka mwisho wa duru, yaani mpaka pande zote mbili zimemaliza zamu zao. Mwenzake akimfikia na kumgusa kabla duru haijaisha, anainuka. Asipofikiwa, anatolewa.

Mama Ruth alipokuja kutuletea chai alisimama akatuangalia, mkono kiunoni.

"Banaume bawili ba ndevu, muko nacheza na batoto ba waya!" akasema. "Bengine beko nakunywa pombe, betu beko nacheza. Ningesema nini? Haya, mukunywe chai."

Dodo alikuwa na mtindo wake wa kurusha dadu. Aliifumbata ngumini, akapeleka ngumi mdomoni, akakohoa ndani yake mara mbili, kavu, kaa, kaa, halafu akarusha. Alisema anaibariki. Mimi nilimcheka kwamba anaitemea. Kikohozi kilikuwa chake muda mrefu, hakuna aliyekitilia maanani. Hapa kwetu malori ya madini yanapita kutwa kucha, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nani asiyekohoa? Tunasema ni vumbi, tunakunywa maziwa, basi.

Kisha kazi ya simu ikapungua na Dodo akaamua kwenda Dilolo, kwa dada yake Régine, kufanya biashara ya nguo zinazotoka ng'ambo ya mpaka, Angola. Siku ya kuaga alipanga askari wake wote mezani akaniachia.

"Gaby, utaendelea," akasema. "Mule mu kanuni nilikutumia mu simu kuko namna ya kucheza peke yako."

"Peke yangu nicheze na nani?"

"Na mi. Lakini usinicheze na kichwa yako, utanishinda bule, nakujua. Achia dadu njo inicheze."

Njo ya kwetu ni ndiyo: alitaka dadu ndiyo imchezee. Kweli kanuni ilikuwepo. Unapocheza peke yako, kwa kila askari wa adui unarusha dadu. Namba ndogo, anabaki alipo na kupiga. Ya kati, anasogea nyuma ya ukuta. Kubwa, anakuja mbio. Mwanzoni niliiba, kusema ukweli, nilirudia kurusha jibu lisiponipendeza. Lakini nikaona aibu, maana nilikuwa namwibia Dodo asiyekuwepo. Nikaanza kusema kwa sauti, "Dodo, zamu yako," kisha nakohoa ngumini kama yeye, kaa, kaa, halafu narusha na kutii. Na ajabu, dadu ilicheza kama Dodo. Ilikimbilia mbele bila akili, kisha ikaninasa pale nisipotegemea. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Ruth akachungulia.

Ugonjwa ulianza kama kidole kinachobonyeza katikati ya mgongo. Nilipoinama kwenye benchi kilibonyeza, nilipolala kiliendelea. Nikasema ni zile mota. Baada ya miezi, kidole kikawa msumari.

Sasa kuna neno ambalo wasomaji wa mbali lazima walielewe, kwa sababu ndilo lililoniponza. Kwetu mwanaume akisema mbele za watu kwamba mgongo unamsumbua, hakuna anayefikiria mifupa. Mugongo ni nguvu za kitandani. Dawa ya mugongo inauzwa kila kona, na anayeinunua anaangalia kwanza nyuma yake. Mimi nilijisahau. Nilimwambia jirani yetu Mama Kapinga, muuza chumvi na mizizi ya dawa, kwamba mugongo unaniuma, na alikuwa na wateja.

"Aa, Papa Gaby!" akapiga makofi. "Njo maana Mama Ruth anakondaka! Kuya, niko na muzizi moya hapa, utasimama sawa nguzo ya courant, nguzo ya umeme!"

Wote wakacheka, nami nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Mtu mwenye maringo ya kubeba mota, mtaa mzima sasa unajua amekwisha! Mama Ruth aliposikia alikaa ndani, hakwenda kwa Mama Kapinga tena hata kununua chumvi. Nikaapa neno mgongo halitatoka tena mdomoni mwangu. Mizizi niliinunua hata hivyo, kwa kujificha, nikailoweka kwenye pombe kali na kuinywa. Ilinipa kuhara na kitu kingine hakuna. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi nilikuwa naficha mgongo, kiungo kisichokuwa uchi wa mtu.

Nikawa natoka jasho usingizini, shuka linalowa chapachapa. Chakula kilinichukiza. Suruali ikaanza kushuka, nikaongeza tundu kwenye mkanda, halafu jingine. Nikamwendea mzee mmoja wa kukanda, akanilaza kifudifudi, akanikanyaga kwa kisigino hadi nikaona nyota mchana. Mama Ruth akasema twende hospitali. Nikamjibu, "Nikamwambie daktari nini? Mugongo?" Akarudi jikoni, maana na yeye aibu ilikuwa imemshika.

Dodo tulipigiana simu. Mwanzo mara kwa mara, tukipeana habari za vita: Buji ameteka daraja, Bobini amejificha mlimani. Halafu simu zikawa chache na fupi.

"Uko bien?"

"Niko bien. Na weye?"

"Bien kabisa. Paka vumbi kidogo."

Yaani salama kabisa, ni vumbi kidogo tu. Sikumwambia habari ya mgongo. Ningemwambia, angenitania mpaka Noeli, ndivyo nilivyowaza. Na mezani Dodo alikuwepo, sivyo? Kila nilipomuuliza, dadu ilinijibu. Tukakaa bila kupigiana, na sikuona kama kuna kitu kinachopungua.

Miguu ilinishinda nikiwa karakanani. Kwanza ilianza kufa ganzi, viatu vikawa vizito. Mchana mmoja nikageuka kuchukua koleo, magoti yakakunjika kama yamekatwa kamba, nikakaa sakafuni. Nilicheka. Kisha nikahisi joto kwenye mapaja, nikaangalia, suruali ilikuwa imelowa. Mkojo ulitoka bila kuniaga. Nikaacha kucheka. Mama Ruth alinikuta nimekaa vile, akavua kitenge chake cha juu akanifunika, akatoka barabarani kuita gari kwa kelele. Hakukuwa tena na la kuficha.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alipitisha kidole kwenye uti wa mgongo wangu, akafika mahali palipokuwa pametokeza kigongo chenye ncha, akasimama hapo. Alinigusa nyayo kwa sindano. "Unasikia?" Sisikii. "Hapa?" Sisikii. Alikuta pia uvimbe kwenye kinena ambao mimi niliudhani mtoki wa kawaida. Wakanipiga picha, wakatoa usaha kwa bomba la sindano, wakasubiri majibu.

"Ulianza kuumwa wakati gani, Papa?"

"Zamani kidogo, Docteur. Ni mugongo tu."

"Mugongo ya nani? Hii haiko mambo ya banaume. Ni tuberculose. Iko nakula mifupa ya mugongo, na usaha iko nafinya mishipa ya miguu."

"Tuberculose? Kifua kikuu? Mi sikohoi."

"Haikae paka mu mapafu. Inatembeaka mu damu, inaenda kukaa kwenye inataka."

Mama Ruth akauliza lile ambalo mimi niliogopa kuuliza, kama nitatembea. Daktari alitazama picha tena kwenye mwanga wa dirisha.

"Sijui, Mama. Tunaanza dawa leo. Kama alikuya mbele ya miguu kukufa, ningekujibu ndiyo."

Kisha akatuuliza nani karibu yetu anakohoa. Tukaangaliana. Kolwezi nzima, nikasema, na hata yeye akatabasamu. Mama Ruth na Ruth wakapimwa, wakakutwa wazima, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapokumbuka.

Nikalazwa. Enyi mlio kitandani, hapa najua hakuna ninalowafundisha. Dawa zilinigeuza mkojo kuwa mwekundu kama Fanta, zikanikoroga tumbo. Choo kilifunga siku nyingi, kikaja kutolewa na Mama Ruth kwa mkono wenye glavu, yeye akiangalia ukutani ili nisione uso wake. Kidonda kilinitoka kwenye matako kwa kulala, kikanuka. Nilivalishwa kibwebwe kigumu cha plasta ya jasi kuanzia kwapa hadi nyonga. Ningeweza kusema nilisali kutwa, lakini nilikuwa nalala nikiangalia miguu yangu chini ya shuka kama mizigo ya mtu mwingine aliyeniachia nimlindie.

Ni Mama Ruth aliyeleta mchezo. Alikuja na ubao wa kukatia mboga, mawe machache ya kijani, bamba moja la simu na askari wote wamefungwa kwenye leso.

"Cheza," akasema. "Nimechoka kuona unaangalia dari."

Yeye aliyetucheka! Aliniwekea ubao kifuani, juu ya plasta, nikapanga vita. Mikono yangu ilikuwa mizima na kichwa pia, na juu ya ubao ule kulikuwa na watu wanaokwenda mbio nikiwaambia nendeni. Nilicheza asubuhi baada ya dawa na alasiri baada ya kuoshwa. Bobini akienda mbele, nami najaribu kusogeza kidole gumba cha mguu. Kilikataa. Nikarudia kila zamu.

Asubuhi moja daktari alikuwa anapita kitanda kwa kitanda. Mimi nilikuwa nimezama. Nikasema, "Dodo, zamu yako," nikapeleka ngumi mdomoni, kaa, kaa, kavu, vilevile kama yeye, nikarusha. Nilipoinua macho daktari amesimama miguuni pangu.

"Ulianza kukohoa lini?"

"Haiko yangu, Docteur," nikasema nikicheka. "Ni kikohozi ya Dodo. Mi niko namuiga tu, ni ya mu mchezo."

"Dodo njo nani?"

Nikamweleza: rafiki, meza, dadu, baraka. Nilieleza kwa furaha, kama mtu anayesimulia kichekesho. Nilikuwa katikati ya habari ya vumbi nikaona kwamba yeye hacheki, na maneno yakaanza kunikauka mdomoni.

"Mulikaa naye meza moya miaka ngapi?"

Nilishusha dadu juu ya ubao.

"Iko wapi sasa?"

Mama Ruth alikuwa tayari ametoa simu. Iliita sana. Aliyepokea alikuwa dada yake, Régine.

"Gaby? Oh, ndugu yangu. Dodo iko nalala. Sauti yake ilikauka."

"Yaya, anatemaka damu?" nikauliza, maana kwetu dada mkubwa ni yaya.

Nilisikia jogoo upande wa Dilolo.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Nilimwambia amchukue siku ileile, ampeleke hospitali, aseme neno tuberculose, asiseme vumbi. Daktari alininyang'anya simu akaongea naye mwenyewe, polepole, akirudia. Régine alimpeleka kwa pikipiki, amemfunga mgongoni kwake kwa kitenge kama mtoto, maana alikuwa mwepesi hivyo. Walimpima, wakamkuta nayo, mapafu yote mawili. Walimpa dawa zilezile zangu, zile za mkojo mwekundu. Kwa majuma kadhaa nilipiga kila siku. Mara mbili niliongea naye mwenyewe, kwa kunong'ona. Mara ya pili aliniuliza, "Nani anashinda?" Nikamwambia, "Weye." Nilidanganya, Buji alikuwa amezingirwa.

Kisha Régine akapiga yeye, na nilijua kabla hajasema. Dawa zilimkuta mbali mno. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kusikia sindano nyayoni.

Nililia vibaya, kwa sauti, mbele ya wanaume wa wodi nzima. Plasta inakataza kulia, inabana mbavu, nikawa nalia kwa vipandevipande. Sikulia kifo peke yake. Nilikuwa nahesabu kinyumenyume: ningekwenda hospitali siku ile ya Mama Kapinga, daktari angeuliza swali lake siku ile. Dodo angekuwa bado anatembea na robota lake la nguo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi niliyaficha yangu, kilio kikafika Dilolo. Daktari aliniambia nisijibebeshe lawama, kwamba yeye Dodo pia alikuwa na miguu ya kwenda hospitali na dada wa kumpeleka. Anasema kweli. Mpaka leo sijaweza kuikubali.

Mengine ni habari ya kupona, na ndiyo mnayoingojea. Kidole gumba kilicheza, Mama Ruth akapiga vigelegele hadi akaambiwa anyamaze. Plasta iliondolewa, nikavishwa mkanda mgumu wa ngozi na vyuma. Nilikaa kitandani, kichwa kikazunguka, nikatapika. Nilisimama kwa kushikilia mabega ya mke wangu, nikaona nimekuwa mfupi kuliko yeye, tukacheka wote wawili tukilia. Nyumbani aliuweka ule mlango wa zamani juu ya mapipa yake palepale, akakataa kuniletea kiti. "Unataka kucheza? Simama." Kwa hiyo nilijifunza kusimama nikicheza vita, mkono mmoja kwenye meza, kisha bila mkono. Kumzunguka adui kulimaanisha kuzunguka meza. Wanajeshi wa waya walinitembeza, siwezi kusema vingine. Dawa nilizimaliza zote, hata zilipokuwa zinanichefua na mimi najiona mzima.

Lakini zamu ya Dodo bado dadu ndiyo iliyoicheza. Sikukohoa tena ngumini. Nilirusha tu.

Matanga yalipokwisha na njia ikaruhusu, Régine alikuja Kolwezi. Ni mama mnene, mpole. Alikaa mbele ya meza ile, akaiangalia muda, akatoa mkobani kopo la maziwa.

"Nilikuta hii mu bintu yake," akasema. "Nikajua ni ya kwako."

Nikalimimina mezani. Walikuwa askari, wapya, ambao sikuwahi kuwaona. Buji mwingine, wa plagi mpya. Wenzake wa vifuniko vya chupa za bia za Angola. Na upande wa pili kikosi kingine, cha waya wa redio, mmoja wao amezungushiwa uzi wa shaba kiunoni, mzunguko kwa mzunguko, vizuri kabisa, kama ninavyofunga mimi. Alikuwa Bobini.

"Huyu njo weye," Régine akasema. "Alikuwa anabapanga juu ya sanduku ya biashara. Anaongea peke yake. 'Gaby, zamu yako.' Halafu anatupa dadu, anacheka. Mi namuambia, si umupigie simu? Anasema, haina lazima, Yaya. Dadu ilishajibu."

Mama Ruth aliingia ndani. Mimi nilibaki nimeshika kile kijitu cha waya. Alikuwa anakohoa damu Dilolo, na mimi naiuliza dadu hali yake Kolwezi. Mimi nilikuwa najikojolea Kolwezi, na yeye anaiuliza dadu hali yangu Dilolo. Simu tulikuwa nazo wote wawili, tena yeye alikuwa fundi wa simu.

Nashukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, masista, na Mama Ruth, ambaye nisipomtaja kila siku nitakuwa mwizi. Ushauri wangu ni mfupi. Mgongo ukikuuma, sema ni mgongo, na wacheke wanaotaka kucheka. Vicheko vya Mama Kapinga vimeisha zamani, kigongo changu kipo. Kikohozi kikikaa, usikiite vumbi mpaka aliye na kipimo akuambie ni vumbi. Dawa umalize. Na aliyeanguka, mfikie kabla duru haijaisha.

Bado nacheza peke yangu. Vikosi vyote vipo mezani sasa, vya Kolwezi na vya Dilolo. Naanza na wangu. Zamu ya Dodo ikifika, dadu naiweka pembeni na kuchukua simu. Masista wamenipa namba za wagonjwa walioruhusiwa kwenda kumalizia dawa nyumbani, na waliokubali nipige. Nampigia mmoja, namuuliza hali. Akiniambia, "Niko bien," nauliza tena.